Vidole Vitatu na Kitasa cha Mama

Ukitaka kuchongewa ufunguo na yule mama wa chini ya ngazi, jiandae kuhojiwa. Unafika, unautoa ufunguo wako mfukoni, unasema unataka mwingine kama huo, nawe unadhani maneno yamekwisha. Thubutu! Anaupokea, anaugeuzageuza kwenye mwanga, anakutazama kama daktari anayekagua ulimi wa mgonjwa, kisha anakuuliza: "Ili iweje?"

Wageni hudhani anawakejeli. Hawakejeli hata kidogo, anataka jibu. Mwenye nyumba mmoja, mtu wa tumbo na tai, alimletea ufunguo wa chumba cha mpangaji wake.

"Ili iweje?"

"Ili niwe nao."

"Uwe nao ili iweje?"

"Ili lolote likitokea..."

"Likitokea lipi?"

Mwenye nyumba akapatwa na kikohozi cha ghafla, akakumbuka ana miadi mahali, akaondoka na tumbo lake. Bwana mwingine alitaka kufuli dogo la kufungia friji. Ili iweje? Ili watoto wasidokoe nyama. Ana watoto wangapi? Hawajajaliwa bado. Fundi akamtazama kimya hadi yule bwana akajisikia vibaya kwa niaba ya mkewe.

Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika mtaani, akabaki Bi Iweje. Hata kibao cha kibandani pake kiliandikwa hivyo, na mchoraji aliyekichora naye aliulizwa swali lile lile kabla hajachovya brashi.

Kibanda chenyewe kilikuwa pango la chini ya ngazi za jengo la ghorofa, ukubwa wake kama kabati la nguo, kikipakana na fundi viatu. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchongea, tupa zilizopangwa kwa ukali wao, na ubao wa misumari ulioning'inizwa funguo mbichi ambazo hazijapewa mlango. Juu ya kichwa chake watu walipanda na kushuka mchana kutwa, naye aliwajua kwa visigino. Alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na hakumwomba mtu samahani juu yake: kitasa kina upande wa ndani na upande wa nje, kwa hiyo kabla hujakigusa uliza ni nani atalala upande upi. Mlango unaofungwa na mtu wa nje, na mtu wa ndani hana ufunguo, yeye hakuuhesabu kuwa mlango.

Sasa sikiliza jinsi sheria hiyo ilivyomfuata hadi nyumbani kwao.

Mama yake alikuwa akiishi kwa kaka yao mkubwa, kwenye chumba cha mwisho wa ukumbi. Ujanani mama huyu alichuuza vyombo vya jikoni kwa miguu, mtaa kwa mtaa, sufuria kichwani na sauti mbele, akawalisha wanawe watatu kwa nyayo zake. Uzeeni kumbukumbu ilianza kuvuja, lakini miguu haikuambiwa. Kila ilipopata upenyo ilivaa viatu ikatoka. Siku moja alikutwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, amekaa juu ya mifuko ya saruji, akiwagombeza wapagazi kwa kubeba vibaya. Siku nyingine alikutwa msibani kwa watu asiowajua, analia vizuri kuliko wafiwa, wamempisha kwenye kiti cha mbele. Hayo yalichekesha. La barabara kuu halikuchekesha mtu. Lori lilifunga breki hadi matairi yakatoa moshi, dereva akashuka akitetemeka, na Mama akampapasa bega: "Pole, mwanangu. Umeshtuka?"

Kaka mkubwa akaitisha kikao.

Huyu kaka alikuwa msimamizi wa ghala la nafaka kwa kazi, na mwenyekiti kwa maradhi. Mwenyekiti wa wapangaji, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mwenyekiti wa timu ya mpira ambayo haikuwahi kufunga goli wala kukosa mkutano. Hata mkewe alimwita Mwenyekiti. Nyuma yake alitembea mdogo wao wa mwisho, muuzaji wa simu, ambaye mchango wake katika kila kikao ulikuwa "naunga mkono", basi naye jina likawa Naunga.

Walikutana Jumapili mchana sebuleni. Mwenyekiti alikaa kwenye kochi la peke yake. Naunga alikaa karibu na sahani ya karanga. Mke wa Mwenyekiti, yaani wifi yake Bi Iweje, alikaa kwenye kigoda mlangoni, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, maana ndiye aliyekimbia siku ile ya lori, na siku za kabla yake. Mama mwenyewe alikuwepo, ametulia kitini, akikunja na kukunjua leso, akijadiliwa kama mtu aliyesafiri.

"Sitaki maneno mengi," akasema Mwenyekiti, dalili kwamba yanakuja mengi. Akainua mkono, vidole vitatu juu. "Kidole cha kwanza: tunataka Mama awe salama. Kuna asiyetaka?"

"Naunga mkono," akasema Naunga huku akitafuna.

"Cha pili: bila kumfungia mlango wakati hatupo, Mama hawezi kuwa salama. Cha tatu: basi tunamfungia. Na kwa kuwa Mungu ametujalia fundi wa vitasa ndani ya familia..." Akamgeukia dada yake na tabasamu la kufungua mkutano.

Ukiisikiliza haraka, hoja hiyo imenyooka kama rula. Unataka kitu, kitu hakiji bila njia hii, basi ishike njia. Ndivyo tunavyopika chai, ndivyo tunavyojenga nyumba. Lakini katika hoja za namna hii ulaghai hulala kwenye kidole cha kati. Cha kwanza kimevaa nguo safi, nani atakipinga? Cha tatu kinajipitia chenyewe. Cha kati ndicho kinachoingizwa harakaharaka, kabla mtu hajameza karanga.

"Huyo mnayemzungumzia ana matatizo kweli," Mama akasema kwa huruma. "Ni nani?"

Bi Iweje akavuta kiti mbele.

"Kaka, cha kwanza nakikubali. Cha tatu sina ugomvi nacho, hicho ni mtoto wa hao wawili. Ugomvi wangu ni na hicho cha kati."

"Kina nini?"

"Kina 'bila'. Hiyo 'bila' umeitoa wapi?"

"Nimeitoa barabarani, chini ya lori!"

"Barabarani umetoa hatari. Hatari naiona, sina upofu. Nakuuliza nani amekwambia njia ni moja."

"Haya, itaje nyingine!" Mwenyekiti akajitupa nyuma kwenye kochi, mikono kifuani.

"Tutoke naye."

"Nani?"

"Wewe. Mimi. Naunga. Kwa zamu."

Mwenyekiti akakumbuka ghala. Ghala, alieleza, halina msimamizi mwingine mwenye akili. Naunga akaanza kuusugua mguu wake wa kushoto, akasema angependa sana, dada yangu, ila mguu huu, dada yangu. Ndio mguu ule ule aliochezea mpira jana yake.

"Umeona?" akasema Mwenyekiti. "Hakuna njia nyingine."

"Iko. Hamtaki kuipita. Njia isiyokuwepo ni kitu kimoja, na njia inayowachosha nyinyi ni kitu kingine, msinichanganyie kwenye sahani moja."

"Mimi nimechoka tu, Wifi," akasema mwanamke wa kwenye beseni, kwa sauti ya chini.

Hilo lilikuwa neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa sebuleni siku ile, na lilipita kama nzi. Mwenyekiti alilifagia kwa mkono. Bi Iweje naye, tuseme ukweli, alikuwa ameshapandwa na damu, hakugeuka.

"Anayeikataa njia ameukataa mwisho wake!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Kwa hiyo wewe hutaki Mama awe salama. Sema wasikie."

"Ngoja nikupe zaidi ya hapo. Tuseme kidole chako cha kati ni kweli tupu. Tuseme dunia nzima haina njia nyingine ila kumfungia Mama kama gunia. Basi siutaki huo usalama! Umepanda ngazi kutoka cha kwanza hadi cha tatu. Mimi ngazi hiyo hiyo nashukia. Cha tatu sikitaki, cha kati umekiapia, basi nakirudisha cha kwanza. Chukua kidole chako."

Naunga alifungua mdomo kuunga mkono, akakosa pa kuunga.

"Hayo maneno ni rahisi," Mwenyekiti akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mkutano. "Hukumwona pale barabarani. Mimi niliona kiatu chake kabla sijamwona yeye. Kiatu peke yake, katikati ya lami. Wewe una maswali yako chini ya ngazi. Mimi nina kile kiatu, kila nikifumba macho."

Bi Iweje alimtazama kaka yake. Ilimchoma. Lakini kuchomwa si kushindwa.

"Pole, Kaka. Kitasa sifungi."

"Nitafunga mwenyewe. Maisha yangu yote nafunga makufuli."

"Ya ghala. Mchele haujawahi kutaka kutoka."

"Toka nyumbani kwangu!"

"Natoka. Na ukikifunga, nitarudi kukifungua. Naapa kwa tupa zangu zote."

Mama alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono kwa adabu, akamshukuru kwa kuja na kumwomba awasalimie watu wa kwao.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Bi Iweje alikuwa anasugua meno ya ufunguo mmoja mkaidi, simu ikalia. Ni Wifi. Sauti ilikatikakatika na kuhema hivi kwamba Bi Iweje alisimama akagonga kichwa kwenye ngazi.

"Wifi, unalia? Mama kafanyaje?"

"Silii," akasema Wifi, na ikabidi avute pumzi. "Nacheka. Njoo na mkoba wako. Mungu nisamehe, nacheka. Njoo haraka, Mama hayupo."

Yaliyotokea yalikuwa haya. Mwenyekiti alinunua kitasa cha ulimi wa springi, kile ambacho mlango ukisukumwa tu kinajifunga chenyewe. Kwa nje kinafunguliwa na ufunguo, kwa ndani kina kishikio kidogo cha kuzungusha. Yeye, kwa akili ya ghala, alikiona kile kishikio cha ndani kuwa kasoro ya kiwandani, akaking'oa na kuziba tundu lake kwa kibati. Alipomaliza akasimama kutazama kazi yake, na kusema kweli ilikuwa safi, kila skrubu imelala mahali pake. Ikabaki kuijaribu. Je, mtu akiwa ndani hawezi kweli kufungua? Msimamizi makini hakubali jambo kwa kuambiwa. Akaingia ndani, akamwita Naunga aingie awe shahidi, akausukuma mlango. *Klak.*

"Jaribu."

"Haufunguki, Kaka."

"Vuta kwa nguvu."

"Haufunguki kabisa!"

"Naam! Si nilisema?" Wakapeana mikono. Kisha mikono ikaachiana polepole.

Ufunguo ulikuwa kwa nje, kwenye tundu lake. Nje alikuwepo Mama, aliyekuwa amesimama ukumbini tangu asubuhi akitazama ujenzi. Wifi alikuwa ametoka kununua sabuni. Wakamwita Mama. Wakambembeleza. Mama, zungusha huo ufunguo, mama yetu, kulia, kulia. Mama akautoa ufunguo, akautia kifuani, akavaa viatu. Dirishani walimwona akipita uani, na kwa kuwa aliwaona wamejibana kwenye nondo kama wafungwa, aliwapungia mkono. Nondo hizo Mwenyekiti alizichomelesha mwenyewe mwaka ambao wezi walitamba mtaani, na alizisifu kwamba hata mbwa hapenyi.

Bi Iweje alipofika, Wifi alikuwa amekaa sakafuni ukumbini, mgongo ukutani, ameshika sabuni, machozi yakimtoka. Ndani mlango ulikuwa ukipigwa ngumi.

"Ni wewe? Fungua!" Mwenyekiti akanguruma.

"Mama ameelekea wapi?"

"Tufungue kwanza, ndipo tukamtafute!"

Bi Iweje alishapiga goti, bisibisi mkononi. Akasita. "Niwafungue ili iweje?"

"Usinianzie hapa! Ili tumtafute Mama!"

"Kitasa chako umekiziba vizuri, kukitoa bila ufunguo kutanichukua muda, na Mama yuko njiani. Kumpata Mama nahitaji miguu, na miguu ninayo. Nyinyi si lazima."

"Sisi si lazima?"

"Mnafaa. Lakini si lazima." Akasimama. "Wifi, wewe shika upande wa sokoni. Mimi nashika barabara kuu."

"Mwenyekiti ni mimi!" sauti ikamfuata ukumbini. "Nasema rudi! Naunga, mwambie!"

Ndani Naunga akasikika akisema kwa upole, "Kaka, mwache aende."

Bi Iweje alivua viatu akavishika mkononi, akakimbia. Acha nisimpambe: njiani hakuwa na hoja yoyote. Alikuwa na ile picha ya kiatu aliyopewa na kaka yake, kiatu peke yake katikati ya lami, na kila lori lililopiga honi lilimfanya ageuke. Akapita duka la vifaa vya ujenzi. Mifuko ya saruji haikukaliwa na mtu. Akauliza kituo cha mafuta, hapana. Akasimama kando ya barabara kuu akatazama lami yote, huku na kule, akitafuta kiatu. Na hapo wazo likamjia, baya, waziwazi: kama kile kitasa kingefungwa juzi, Mama angekuwa chumbani sasa hivi. Hakulifukuza. Aliliacha likae, akalitazama usoni. Kisha akasema kwa sauti, mpaka mwendesha pikipiki akageuka: "Hata hivyo, hapana."

Ng'ambo ya barabara fundi viatu, jirani yake, alikuwa akipunga nyundo.

"Bi Iweje! Unazurura wapi? Mteja wako kakaa hapa anakungoja, na maneno yake yanayashinda yako!"

Mama alikuwa kwenye kigoda cha wateja chini ya ngazi, mikono mapajani, viatu vyote viwili miguuni. Alikuwa amevuka barabara kuu, fundi viatu akasimulia, kwa kuinua tu ule ufunguo juu kama askari wa trafiki, na magari yalisimama, na dereva mmoja alimpigia saluti.

Bi Iweje aliingia kibandani, akakaa. Mama akamtazama kwa subira ya mtu aliyewahi kuuza vitu.

"Fundi, umechelewa kufungua. Nichongee kama huu." Akautoa ufunguo kifuani, bado una joto lake.

Mkono wa fundi ukaupokea, ukaugeuzageuza kwenye mwanga. Na mdomo, kwa mazoea tu, ukauliza: "Ili iweje?"

"Niwe na wangu. Chumba ni changu, mlango wamenitilia kitasa, ufunguo wa kwangu sina. Huo ni mchezo gani?"

"Uwe na wako ili iweje?"

"Nikitaka kutoka nitoke."

"Na kutoka, Mama... unatoka ili iweje?"

"Kutoka."

"Ndiyo, lakini unakwenda wapi? Unamtafuta nani? Kutoka ili..."

"We mtoto!" Mama akampiga kofi dogo la goti. "Ulipotoka tumboni, ulitoka ili iweje? Kuna mtu alikuuliza? Ulitoka tu, ukapiga kelele, na watu wakafurahi."

Fundi viatu aliangua kicheko mpaka msumari ukamtoka mdomoni. Bi Iweje hakucheka mara moja. Maisha yake yote aliamini kwamba kila jambo lina "ili" yake, na hiyo "ili" ina nyingine nyuma yake, na kazi ya mwenye akili ni kuzifuata hadi mwisho. Hakuwahi kujiuliza mwisho wenyewe ukoje. Kumbe uko hivi: umekaa kwenye kigoda, umeshika leso, hauna "ili".

"Wewe ni mtoto wa nani?" Mama akauliza.

"Wako."

"Aa. Ndiyo maana una maswali." Akafikiri. "Chonga miwili. Mmoja nitaupoteza, mimi ni msahaulifu."

Akachonga miwili. Cheche ziliruka, Mama akazitazama kwa furaha, na mmoja alifungwa kamba akavishwa shingoni.

Walirudi kwa mwendo wa Mama, yaani kwa kusimama kwenye kila kibaraza kusalimia. Wifi alikuwa amesharudi ukumbini. Ndani ya chumba hapakuwa na ngumi tena, palikuwa na sauti ya mtu mzima aliyeishiwa.

"Amepatikana?"

"Yuko hapa. Mzima."

Wakasikia kitu kizito kikikaa sakafuni nyuma ya mlango. Naunga alisikika akimwambia, basi, Kaka, basi. Kisha Mwenyekiti: "Haya. Fungua."

Bi Iweje alikuwa na ufunguo wa pili kiganjani. Shetani mdogo akamkalia begani. "Ili iweje, Kaka?"

"Nitoke!"

"Utoke ili iweje?"

"Nitoke tu! Kwani mtu anahitaji sababu ya kutoka?"

"Kaka," akasema Naunga, "hiyo siungi mkono wala sipingi. Ila umejisemea mwenyewe."

"Sasa tuongee vizuri," akasema Bi Iweje, amejipanga mlangoni kama balozi. "Kabla sijafungua, tukubaliane zamu za kutoka na Mama. Wewe siku zako, Naunga zake, mimi zangu. Na kishikio cha ndani kinarudi. Mkikubali nafungua, msipokubali..."

"Na mimi?" akauliza Wifi.

Wote wakageuka, hata walio ndani, kwa jinsi wanavyoweza.

"Mimi sina vidole vitatu, ninacho kimoja. Nataka kupumzika. Jumapili nilisema, hakuna aliyesikia, hata wewe, Wifi, na maswali yako yote. Huyu bwana aliuchukua uchovu wangu akauvika nguo za usalama wa Mama. Nikafungiwa mlango mimi nikiwa nje."

Bi Iweje aliushusha ufunguo. "Kweli, Wifi. Sikukuuliza."

"Haya ni makubaliano ya kulazimishana!" Mwenyekiti akapata nguvu mpya nyuma ya mlango. "Hayana uhalali! Mtu hafungiwi ndani ili akubali..." Akaisikia sentensi yake ikimrudia, akaiacha njiani.

Mama alikuwa amewasikiliza wote kwa uchovu wa mwenye nyumba aliyevamiwa.

"Ni nani hao wanaopiga kelele chumbani kwangu?"

"Ni wanao, Mama."

"Wanataka nini?"

"Kutoka."

"Hilo tu?" Akamsogeza binti yake kando kwa kiwiko, akavuta kamba shingoni, akaingiza ufunguo, akauzungusha kulia. Mlango ukafunguka. Hakudai zamu wala hakuweka masharti. "Tokeni. Nataka kulala."

Bi Iweje alibaki na masharti yake mkononi kama mtu aliyekuja na mwavuli jua likiwaka. Naye pia, akaona, alikuwa amekaa nje ya mlango wa mtu, ufunguo mkononi, akihesabu faida. Akatamani kucheka, akacheka.

Mwenyekiti alitoka shati limemganda mgongoni. Alipita mbele ya dada yake bila neno, akasimama mbele ya Mama, akainama akavitazama viatu vyake, kimoja kimoja, kama anayehakiki mali. Halafu akachukua bisibisi kwenye mkoba wa dada yake na kumkabidhi yeye mwenyewe, mpini mbele. Hiyo ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote, na haikuhitaji kuungwa mkono.

"Nadhani tuitishe kikao kidogo," akasema Naunga.

"Nyinyi itisheni," akasema Wifi. "Mimi nakwenda kulala, na atakayeniamsha nitamkata kwa hii sabuni." Akaenda, akalala hadi jioni, na mchana ule wanaume wawili waligundua vyombo huoshwa wapi.

Kitasa kikarekebishwa na kishikio kikarudi ndani. Hatari haikwisha, na atakayekwambia imekwisha anakuuzia kufuli. Mama bado huwaponyoka. Naunga, kwenye zamu zake, bado hupatwa na maumivu ya mguu, na wiki moja Mama alikutwa tena juu ya saruji, ila safari hii wapagazi walikuwa wamempa chai. Bi Iweje bado huuliza wateja swali lake, lakini kuna majibu anayapokea mapema zaidi kuliko zamani, na mengine hayahoji kabisa.

Ukipita mtaani Jumamosi asubuhi utaona mama mzee anatembea mbele, kichwa juu, ufunguo unang'aa kifuani. Hatua chache nyuma anamfuata bwana mmoja mnene mwenye mwavuli, anahema, na kwenye kila barabara anatangulia kuinua mkono kusimamisha magari. Juzi mwenzake wa ghala alimwona akamkodolea macho.

"Mwenyekiti! Mnakwenda wapi na jua hili?"

Mwenyekiti aliinua kidole cha kwanza kwa mazoea, akainua na cha pili, akavitazama, akavikunja.

"Tunatoka tu," akasema.

"Ninatoka mimi," Mama akasahihisha bila kugeuka. "Huyu ananifuata."